Mshumaa Uliozimwa na Sabufa: Uchambuzi wa Kipindi Kimoja cha Sauti

Kisa hiki ni cha Tanga, shule ya kutwa, kidato cha nne, mada ya mawimbi. Mwalimu wa fizikia alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba sauti inaposafiri haiendi na hewa: hewa inatikisika palepale ilipo, na kinachosonga mbele ni ule mtikisiko. Akaazima sabufa, akaiunganisha na simu yenye programu ya kutoa mlio wa marudio yoyote unayotaka, akachagua mlio mzito wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Kisha akawasha mshumaa na kuusogeza mbele ya boksi. Alitarajia mwali ucheze mbele na nyuma bila kuhama, darasa lione kwa macho, halafu waandike.

Mwali ulilala upande mmoja, ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena. Darasa likalipuka kwa shangwe, na kijana mmoja wa nyuma akatamka kile ambacho wenzake wengi walikuwa nacho kichwani: "Si ndiyo hivyo, Mwalimu? Sauti ni upepo."

Nilikuwepo. Sisi walimu wa sayansi tuna desturi ya kuingia vipindi vya wenzetu na kuzungumza baadaye, na siku ile nilikuwa nimekaa karibu na kijana huyo. Mwalimu hakumkatisha. Alimwambia, "Liandike hilo kwenye daftari lako, tutarudi kwake," akakusanya vitu vyake kengele ilipolia. Nadhani uamuzi huo mdogo ndio uliookoa mada nzima, na ndio ulionifanya niandike haya.

Tuanze na kilichotokea hasa. Boksi la sabufa lina tundu, na watu wengi hudhani ni pambo au ni mahali pa kupitishia joto. Kazi yake ni nyingine: spika inapotetema, hewa iliyo ndani ya boksi inaingia na kutoka kwa kupitia tundu hilo, na kwenye milio mizito fulani mwendo huo unakuwa mkubwa kuliko hata wa spika yenyewe. Mshumaa uliwekwa mbele ya tundu. Pale karibu kabisa, hewa ilikuwa inatoka kweli, na kwa nguvu. Aliyesema ameona upepo alikuwa ameona upepo.

Lakini hewa inayotoka ni sawa na inayoingia, la sivyo boksi lingeishiwa hewa. Kwa nini basi mwali usivutwe na kusukumwa kwa usawa? Jibu ni kwamba hewa inapotoka tunduni inatoka kwa mkondo ulionyooka, na inapoingia inaingia kutoka pande zote kwa pamoja. Jaribu mwenyewe: weka mshumaa umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, puliza, utazimika. Sasa uwashe na uvute pumzi kwa nguvu zako zote. Mwali hautashtuka. Kiasi cha hewa ni kilekile, ila njia ni tofauti. Kwa hiyo mbele ya tundu la sabufa panatokea upepo mdogo wa kwenda mbele tu, unaokufa baada ya umbali mfupi, huku sauti ikiendelea hadi ukuta wa mwisho wa darasa na kupita dirishani.

Vitu viwili vilitoka mahali pamoja kwa wakati mmoja, na jaribio la kwanza halikuwa na njia ya kuvitenganisha. Hapo ndipo penye kiini cha kisa.

Ukimuuliza kijana wa Tanga amejuaje kwamba sauti ni upepo, hatakosa ushahidi. Amesimama mbele ya maspika kwenye shughuli ya harusi na shati likapepea kifuani. Ameweka mkono kwenye tundu la sabufa ya nyumbani. Ameshuhudia adhana ikija na kupotea kadiri upepo unavyogeuka. Na kuhusu mawimbi kwa jumla, amekulia ufukweni, ambako wimbi linakuja na mwani, vifuu na maji yenyewe hadi miguuni. Kisha anaingia darasani na kuambiwa kwamba wimbi halibebi kitu, linabeba nishati tu, na mfano anaopewa ni bahari ileile! Atanakili sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani na kuendelea kuamini macho yake. Hata mimi nisingemlaumu.

Mfano wa bahari ni mzuri, ila unahitaji uaminifu. Nje kwenye maji ya kina, wimbi linapita chini ya ngalawa iliyotia nanga, ngalawa inapanda na kushuka, inasogea kidogo mbele na kurudi, na wimbi linakwenda zake. Maji huko yanazunguka kwa duara na kurejea karibu na pale yalipokuwa. Likikaribia ufuko hali inabadilika: sehemu ya chini ya wimbi inazuiwa na mchanga, kilele kinaitangulia na kuanguka, na hapo maji yanakwenda kweli. Mtoto wa mvuvi analijua hili vizuri. Akiulizwa kwa nini ngalawa iliyo nje ya mwamba haiji pwani na kila wimbi linaloipita, anaweza kuieleza fizikia hiyo kabla ya mwalimu. Akiambiwa tu kwamba "mawimbi hayabebi maji", anaona mwalimu hajawahi kufika ufukweni.

Vitabu navyo vinaongeza tatizo la pili. Sauti inachorwa kwa mstari wa mawimbi unaopanda na kushuka, nao ni mchoro wa jinsi mgandamizo wa hewa unavyobadilika, si njia inayopitwa na kitu chochote. Nilipopita kwenye madaftari baada ya kipindi niliona wanafunzi kadhaa wamechora chembe za hewa zikitambaa kwa kujipinda juu na chini kutoka kwenye spika hadi sikioni. Wamechanganya upepo wao na mchoro wa kitabu, wakapata kitu cha tatu ambacho hakipo popote.

Na kuna ile picha ya kengele ndani ya chupa ya kioo inayotolewa hewa. Asili yake ni majaribio ya Robert Boyle, aliyechapisha mwaka 1660 kwamba mlio wa saa iliyoning'inizwa ndani ya chombo cha kioo ulififia kadiri pampu ilivyotoa hewa. Walimu wengi tunaitegemea kama hoja ya mwisho: pasipo hewa hakuna sauti. Isikilize sasa kwa masikio ya yule kijana. Hewa imetolewa, sauti imetoweka. Basi sauti ni hewa. Jaribio la Boyle linaonyesha kwamba sauti inahitaji kitu cha kupitia, lakini halina uwezo wa kumwambia mwanafunzi kama hewa inasafiri au inatikisika tu. Anaweza kulisoma mara kumi na imani yake isiguswe.

Wala si jambo la Tanga peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Michael Wittmann, Richard Steinberg na Edward Redish wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwauliza wanafunzi wa chuo swali rahisi: chembe ya vumbi imetulia hewani mbele ya spika, spika ikiwashwa, chembe itafanya nini? Wengi walisema itasukumwa na kuondoka. Hao ni watu waliokwisha kujifunza mawimbi, wenye maabara kamili. Swali hilo ninalipenda kwa sababu haliulizi maana ya neno lolote. Linamlazimisha mtu aseme kitakachotokea, na kitakachotokea kinaweza kutazamwa.

Mwalimu wetu alianza kipindi kilichofuata kwa swali hilohilo. Kila mmoja aliandika jibu lake kabla ya kuzungumza na jirani. Jambo jingine alilofanya, ambalo wengine watalibishia, ni kuacha mjadala uende kwa Kiswahili, ingawa kuanzia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Muhtasari uliandikwa kwa Kiingereza mwishoni, kama mtihani unavyotaka. Mimi niko upande wake kabisa. Mtu hawezi kuitetea imani yake kwa lugha anayoitafuta neno kwa neno, na imani isiyotetewa hadharani haivunjiki.

Sabufa ikarudi mezani, na mshumaa. Kwanza alirudia kilekile kilichowafurahisha: tunduni, hezi 50, mwali ukazimika. Akawaomba wapulize na kuvuta pumzi kama nilivyoeleza hapo juu. Hili liliwachukua muda, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba kuvuta hakuzimi mshumaa mpaka ajaribu mwenyewe, na mshumaa ulizunguka meza baada ya meza.

Kisha akausogeza mshumaa mbali kidogo na tundu, hatua kwa hatua. Kufika umbali wa mita moja mwali ulikuwa umesimama, na mlio ulikuwa bado unatikisa kioo cha dirisha. Akageukia spika ndogo za pembeni, akapandisha mlio hadi hezi 400, akafungua sauti mpaka wa mbele wakaziba masikio, akaweka mshumaa mbele yake. Mwali ulisimama wima. Sauti kali kuliko ya kwanza, na upepo hakuna. Nilimwona yule kijana wa nyuma akinyanyuka kwenye kiti ili aone vizuri.

Jaribio la tatu lilikuwa jepesi kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo lililofanya kazi. Alichukua mfuko wa nailoni safi, akaukata, akaubandika kwa gundi ya karatasi juu ya tundu la sabufa, ukakaza kidogo. Mshumaa uliokuwa ukizimika haukuzimika tena. Mlio ulisikika hadi nje. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, upepo umebaki ndani, sauti imetoka." Hakuna sentensi ya kitabu ambayo ingelisema hilo vizuri zaidi. Baadaye waliilaza sabufa tundu likiwa juu, wakamwaga punje chache za mchele kwenye nailoni, nazo zikarukaruka palepale. Nailoni ilikuwa inasukumwa na hewa ya ndani na kuisukuma hewa ya nje, mara 50 kila sekunde, bila hata tone la hewa kuvuka.

Ndipo ilipokuja hesabu. Kasi ya sauti hewani ni mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na inaongezeka takribani mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Darasani Tanga kwenye joto la nyuzi 30 tunapata mita 349 kwa sekunde, sawa na zaidi ya kilomita 1,250 kwa saa. Mwalimu aliwakumbusha kimbunga Hidaya kilichoifikia Mafia Mei 2024. Upepo ukivuka takribani kilomita 118 kwa saa tayari uko kwenye daraja la vimbunga vikali. Kama sauti ingekuwa upepo, kila "shikamoo" ingemfikia mzee kwa kasi inayozidi hiyo mara kumi. Na mtikisiko wa kweli ni mdogo kiasi gani? Mtu akizungumza nawe kwa kawaida, hewa iliyo mbele ya sikio lako inakwenda na kurudi umbali usiofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Darasa lilinyamaza kidogo hapo. Sikio linalohisi kitu kidogo namna hiyo linastahili heshima.

Mpaka hapa walikuwa wamekubali kwamba hewa haisafiri. Bado hawakuwa na picha ya kinachosafiri. Mwalimu aliwapanga mstari uwanjani, kila mmoja mikono mabegani mwa aliye mbele, na aliye nyuma akasukuma mara moja. Msukumo ulipita hadi wa mbele, na hakuna aliyehama pale aliposimama. Mahali mabega yaliposogeleana ni mgandamizo. Nyuma yake pakafunguka nafasi. Kisha akawaambia wakunje viwiko, wajilegeze: msukumo uliotoka nyuma ulijikokota. Wakanyoosha mikono na kuikaza: ulifika upesi. Aliyesukuma kwa nguvu zaidi aliwayumbisha wenzake zaidi, ila msukumo haukuwahi. Mfano huu una mapungufu, kwa sababu misuli ya binadamu ina uamuzi wake, lakini unafikisha jambo ambalo kamba ya kutikiswa juu na chini haiwezi: katika sauti, mtikisiko unaelekea upande uleule sauti inakokwenda, na kasi inaamuliwa na ukakamavu wa kinachopitisha, siyo na nguvu ya aliyeanzisha.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo ngumu zaidi. Karibu kila mwanafunzi anaamini kwamba ukipaza sauti inafika haraka. Hapa mwalimu hakuhitaji kifaa. Aliwauliza kuhusu matarumbeta ya harusi yanayosikika kutoka mtaa wa mbali. Ngoma kubwa inapigwa kwa nguvu, tarumbeta lina mlio mwembamba. Tuseme msafara uko mita 400. Sauti inachukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika. Kama ya ngoma ingekuwa na kasi zaidi kwa sehemu moja tu ya kumi, ingetangulia kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, na mpiga ngoma yeyote atakwambia kwamba hiyo inatosha kuharibu wimbo. Ungesikia ngoma na tarumbeta vikigombana. Nani amewahi kusikia hivyo? Hakuna. Kinachopotea kwa umbali ni ukubwa wa sauti, na milio myembamba hufifia kabla ya mizito, ndiyo maana kutoka mbali sana inabaki ngoma peke yake. Lakini kinachofika, kinafika kwa pamoja.

Chuma na maji vilipitiwa haraka: takribani mita 1,500 kwa sekunde kwenye maji ya bahari, na karibu 5,000 kwenye chuma. Kuna aliyeuliza mbona chuma ni kizito na bado kinashinda. Uzito ungeichelewesha sauti, ni kweli, lakini chuma ni kikakamavu kuliko hewa kwa kiasi kinachoufunika uzito wake mara nyingi.

Kupima kasi ya sauti kulifanyika siku nyingine, mbele ya ukuta mrefu wa bwalo. Saa ya kubonyeza haifai kwa umbali wa shule, kwa sababu kidole cha mtu kinachelewa kwa muda unaokaribiana na ule unaopimwa. Walisimama mita 50 kutoka ukutani, wakapiga vibao viwili kwa mfululizo, wakirekebisha mdundo hadi mwangwi uangukie katikati kabisa ya pigo na pigo. Wakati huo, kutoka pigo moja hadi jingine sauti ingeweza kwenda mita 200. Vipindi 20 vya mapigo vikichukua sekunde 11.5, kimoja ni sekunde 0.575, na 200 ukigawa kwa 0.575 unapata kama 348. Kundi moja lilipata nusu ya jibu kwa sababu lilihesabu safari ya kwenda bila ya kurudi. Mwalimu aliliacha lilibandike jibu lake ubaoni kando ya mengine, na wenyewe wakagundua. Kisha kundi jingine lilipiga kwa mkono mwepesi, na jingine kwa nguvu zote; mdundo ulibaki uleule.

Swali la chembe ya vumbi lilirudishwa mwishoni mwa mada. Wengi sasa walichora mishale ya kwenda na kurudi. Wachache walibaki na chembe inayoondoka, na waliobaki nayo hawakuwa wavivu wala wazito. Yule kijana wa nyuma alikuwa ameshaiacha imani yake ya kwanza, lakini alikuja na pingamizi zuri kuliko yote niliyosikia: "Mwalimu, mbona upepo ukivuma kutoka msikitini kuja kwetu adhana inasikika vizuri, na ukigeuka inapotea? Upepo haubebi sauti?"

Jibu la haraka ni kwamba upepo wa mita 5 kwa sekunde unaongeza 5 juu ya 349, kiasi ambacho sikio halitambui. Kinachoonekana kama kubebwa ni kupindishwa. Karibu na ardhi upepo unazuiwa na nyumba na miti, juu unakwenda kasi zaidi, kwa hiyo sehemu ya juu ya wimbi la sauti inayofuata upepo inatangulia kidogo, na wimbi zima linainamia chini, kuelekea masikio ya watu. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo inapindishwa juu na kuwapita kichwani. Hewa yenye joto tofauti inafanya vivyo hivyo: baada ya usiku kucha ardhi imepoa, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, sauti inakwenda polepole chini na haraka juu, na inarudi kuinama.

Mwalimu hakumpa jibu hilo siku ile. Aliwapa kazi ya juma zima: kila anayeishi mbali na msikiti aandike adhana ya alfajiri na ya alasiri, inasikika kwa kiasi gani, na majani ya mnazi yanaelekea wapi. Walileta madaftari yenye alfajiri nyingi ambapo hakukuwa na jani lililotikisika, na adhana ilikuwa imefika wazi kutoka mitaa ambayo mchana haisikiki hata kidogo. Ubishi wa upepo ukaanzia hapo upya, safari hii kati ya wanafunzi wenyewe, na kipindi cha joto la hewa kikalazimika kuingizwa kabla ya zamu yake.